Samaki na Joto la Maji

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la nyuzi 37 hivi za Sentigredi, awe penye jua kali au penye baridi. Samaki wa mtoni na ziwani hawako hivyo. Damu ya samaki hupita katika matamvua, ambamo hutengwa na maji kwa ngozi nyembamba sana. Hapo damu huchukua oksijeni iliyomo majini, na hapo hapo hupoa au hupata joto. Kwa hiyo joto la samaki hulingana na joto la maji aliyomo.

Je, samaki hufanya nini maji yasipomfaa? Huhama. Mishipa ya fahamu humjulisha kwamba joto limebadilika, naye huogelea mpaka apate mahali panapomfaa. Kila aina ya samaki ina kiwango chake. Perege hukua vizuri katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Maji yakipoa kufikia nyuzi 16 hivi, huacha kula. Trauti, walioletwa katika mito ya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, hupenda maji ya nyuzi 12 hadi 16. Maji ya nyuzi 25 huweza kuwaua.

Oksijeni ni sababu mojawapo. Lita moja ya maji yenye nyuzi 10 huweza kuwa na miligramu 11 hivi za oksijeni. Yenye nyuzi 30 huwa na miligramu 7 na nusu tu. Hali kadhalika, kadiri mwili wa samaki unavyopata joto, ndivyo unavyohitaji oksijeni zaidi.

Ziwani samaki aweza kushuka chini kwenye maji yaliyopoa. Lakini bwawa la kina kifupi hupata joto lote, na samaki hawana pa kukimbilia. Utawaona wakitoa vinywa juu ya maji wakitafuta hewa. Mfugaji asipowaongezea maji mapya upesi, atawapoteza. Kwa hiyo bwawa huchimbwa hata upande mmoja ufikie kina cha mita moja au zaidi.

Zoezi
1. Pamoja na mwalimu wako, pima joto la maji ya bwawa saa sita mchana, juu na chini. Andika tofauti uliyoiona.
2. Kwa nini trauti hawawezi kufugwa katika bwawa la perege?