Njia za Magamba na Maji Yanayozila

Watu wakikuta njia ya msituni imechimbika hadi magotini, lawama ya kwanza huangukia viatu: wageni wamezidi, ng'ombe wamepita, wabeba kuni hawana huruma. Ni kweli mguu una sehemu yake. Lakini katika milima yetu mchimbaji mkubwa ni maji, na aliyeyakaribisha ni yule aliyeamua njia ipite pale ilipopita. Nitalieleza hili kwa kutumia Magamba, juu kidogo ya mji wa Lushoto, maana huko njia nzuri na njia iliyokufa huzikuta zote katika matembezi ya asubuhi moja.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia katika Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Ina zaidi ya hekta 9,000, inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na sehemu zake za juu hupita mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Lushoto penyewe ni kama mita 1,400. Joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila upandapo mita 1,000, kwa hiyo anayeshuka basi Mombo akitoka jasho, kisha akapanda hadi ukingo wa msitu, ajiandae kwa tofauti ya nyuzi zinazokaribia 10. Sweta si urembo kule.

Ndani na pembezoni mwa msitu kuna njia za asili tatu, na kila moja ina tabia yake. Kuna njia za Wasambaa wenyewe, za kwenda gulioni, shambani na kwa wakwe. Nyingi hufuata kigongo cha mlima. Kuna njia pana za magogo, zilizofunguliwa kwa ajili ya kuvuta mbao. Halafu kuna vijia vilivyokatwa juzijuzi kwa ajili ya watalii, vikielekea kwenye maporomoko ya maji au mahali pa kutazamia bonde.

Biashara ya mbao katika milima hii ina umri mkubwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ilijenga njia ya kamba za chuma, yenye urefu wa kilomita tisa hivi, kuteremsha mbao za mtarakwa kutoka Shume hadi reli pale Mkumbara. Leo Shume ni shamba la miti la serikali, la misindano na jamii zake. Ndiyo maana mtembezi wa huko hupita kwanza chini ya miti iliyopangwa mistari, sakafu yake ikiwa ya sindano kavu zinazoteleza, kisha huingia ghafla kwenye mikulo na mishai, udongo mweusi, na mbega wakirukaruka juu. Njia za magogo zilichorwa kwa ajili ya gogo, na gogo halijali mwinuko mradi linashuka. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mafundi wa njia hupima mwinuko kwa asilimia. Ukipanda mita 10 kwa kila mita 100 za mlalo, huo ni mwinuko wa asilimia 10, na kwa njia ya udongo huo ndio wastani ambao wengi wao hujitahidi wasiuvuke. Kanuni ya pili ni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wa mlima inamopita. Ubavu ukiwa na asilimia 30, njia iishie 15. Ukivunja kanuni hii, maji yanayotoka juu hayaikati njia na kuendelea bondeni. Yanageuka na kuifuata, na kuanzia hapo huo ni mfereji. Watu hudhani mahali pakali ndipo pa kuogopwa peke yake. Hata mteremko mpole wa asilimia 12 ukiuteremka wima, umevunja kanuni, na njia hiyo itachimbika polepole mwaka hadi mwaka bila mtu kushtuka.

Yakishaingia kwenye mfereji, maji hupata kasi, na kasi haina mzaha. Wahandisi wa maji wana kanuni ya zamani: mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kabisa unaloweza kulisukuma huongezeka mara 64. Ndiyo maana njia iliyokuwa ya tope wakati wa vuli unaweza kuikuta, masika yakiisha, imebaki mawe matupu na mizizi inayoning'inia.

Lipo jambo jingine ambalo huwashangaza hata watu waliozaliwa karibu na msitu. Tunaamini kwamba mti mkubwa huukinga udongo dhidi ya mvua. Kwa kweli matone yakifika kwenye majani hujikusanya, kisha hudondoka yakiwa makubwa kuliko yalivyotoka winguni. Tone kubwa likianguka kutoka urefu wa mita nane au tisa huwa limeshakaribia kasi yake ya mwisho. Kwa hiyo udongo ulio wazi chini ya mkulo mrefu unaweza kupigwa vibaya kuliko ule wa shambani. Kinachoukinga ni takataka za chini: majani makavu, vijiti, mizizi myembamba iliyosokotana. Njia ni mahali ambapo takataka hizo zimeondoka na udongo umeshindiliwa hadi haunywi maji. Anayefagia majani ili njia ipendeze machoni pa wageni anaiua.

Ushahidi uko wazi kwa anayeinama. Baada ya mvua tazama kando ya njia mahali penye udongo mtupu. Utakuta vijiwe na mbegu, kila kimoja kimekaa juu ya kinguzo cha udongo, pengine chenye kimo cha upana wa kidole. Udongo ulio chini ya kijiwe umekingwa. Wa pembeni umerushwa na matone. Ukiviona vinguzo hivyo, pale matone ndiyo yanayoharibu, na dawa ni kuyaacha majani yatulie. Usipoviona, na badala yake ukute michirizi ya mchanga iliyolala kuelekea upande mmoja, basi maji yanatembea, na dawa ni kuyatoa njiani.

Kuyatoa kwenyewe si kazi ya ajabu. Njia iinamishwe kuelekea bondeni: yenye upana wa mita moja, ukingo wake wa chini ushuke sentimita 5 hivi. Kila baada ya hatua kadhaa njia ishuke kidogo ndipo ipande tena, ili maji yaliyojikusanya yakwame kwenye kile kishimo na kutokea pembeni. Mahali palipoharibika tayari hulazwa gogo au safu ya mawe kukingamisha maji. Likilazwa kwa kukata njia sawasawa, gogo hujaa tope baada ya mvua chache, halafu maji hulipanda na kuendelea na safari yake. Linatakiwa lilale mshazari, na mdomo wake uzibuliwe kila msimu. Ukubali hilo la kuzibua. Sijawahi kuona gogo lililojizibua.

Katika Usambara habari ya kukinga maji si ngeni, na ina kovu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza ilileta mpango wa kuhifadhi udongo, ukaanzia Mlalo, na wakulima wakaamriwa kuchimba matuta mashambani. Kazi ilikuwa nzito, ya lazima, bila malipo, na asiyechimba aliadhibiwa. Upinzani ulikuwa mkubwa mpaka mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mwanahistoria Steven Feierman ameieleza habari hiyo kwa kina katika kitabu chake *Peasant Intellectuals* cha mwaka 1990. Miaka ya themanini ulikuja mradi mwingine, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, uliochanganya miti, majani ya mifugo na kontua. Kwa hiyo nikisikia mradi wa njia za utalii unaanza kwa kununua vibao vya kuelekeza, swali langu ni moja: mwezi wa tatu mvua zikianza, nani atashika jembe, na atalipwa na nani?

Mtembezi naye ana la kufanya, na si mengi. Kwenye tope pita katikati. Kila anayelikwepa huipanua njia kwa upana wa kiatu kimoja, na hatimaye panakuwa na uwanja pale palipokuwa na kijia. Kwenye kona usichukue mkato. Mkato ndio ule mteremko wima ambao fundi aliukwepa kwa makusudi. Mzizi uliolowa uvuke, usiukanyage, kwa faida ya mti na ya kiuno chako. Na penye miamba yenye unyevu usiache njia kabisa, kwa kuwa huko ndiko huota ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara. Lilipewa jina la kisayansi mwaka 1893, baada ya ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire, kupeleka mbegu Ulaya, na sasa linauzwa katika vyungu duniani kote. Kwao porini limebaki na vipande vidogo vya kivuli.

Muda nao uhesabu mwenyewe. Ukimuuliza mwenyeji, atakwambia ni hapo tu, naye hadanganyi. Kwake ni hapo tu. Kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 inafaa hata Lushoto: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kilomita 10 zenye mpando wa mita 600 ni saa tatu bila kupumzika, bila kupiga picha za vinyonga. Kwenye udongo uliolowa ongeza tena. Giza la msituni hutangulia la nje, kwa hiyo saa 11 jioni uwe umeshauona ukingo wa msitu.

Mwenye siku tatu au nne asiishie Magamba, aende Mtae kwa miguu pamoja na mwongozaji wa pale mjini, akipitia Lukozi na Rangwi. Sehemu kubwa ya safari hiyo hutumia njia za zamani za vigongoni, ambako maji hugawanyika kwenda pande mbili bila kupangiwa na mtu. Vipande hivyo vimekanyagwa na vizazi kwa vizazi na bado ni vizima. Vinapoharibika, mara nyingi ni pale kigongo kinaposhuka ghafla na watu wakaamua kushuka nacho wima, na hapo pangetosha kona mbili na siku chache za jembe.