Kiyoyozi Kikiharibika Jangwani, Nani Alipe?

Wengi wetu tukitajiwa kiyoyozi twafikiri mara moja ofisi ya mkubwa, yenye zulia na mapazia, ambamo mgeni huingia na jasho lake akatoka na mafua. Ni kitu cha anasa, twasema, na asiye nacho hufungua dirisha akangoja upepo wa baharini. Fikira hiyo yaweza kuwa na haki yake kwa watu wa pwani. Lakini haifai kuipeleka kila mahali. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mji ambao ukifungua dirisha wakati wa kiangazi huingia moto, na ambako gharama ya kutengeneza mashine hiyo imekuwa jambo la kufa na kupona kwa mtu wa mshahara mdogo.

Mji huo ni Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani, nao umejengwa katika jangwa la Sonora. Mwaka 2023, tangu tarehe 30 Juni hata tarehe 30 Julai, siku 31 mfululizo, joto la mchana lilifika au kupita nyuzi 43 za sentigredi. Usiku nao haukuleta nafuu. Tarehe 19 Julai kiasi cha chini kabisa cha joto kilikuwa nyuzi 36, yaani karibu sawa na joto la mwili wa mtu. Wilaya ya Maricopa, ambayo Phoenix ndio mji wake mkuu, ilihesabu watu 645 waliokufa kwa sababu zilizohusiana na joto mwaka ule, na 608 mwaka 2024. Wengi wao walifia nje, na maskini wasio na makazi walikuwa wengi miongoni mwao. Lakini wako waliofia ndani ya nyumba zao, na hao ndio waliotushika moyo. Kwa kuwa wakaguzi walipoingia waliona mara nyingi kwamba kiyoyozi kimo, ila hakifanyi kazi.

Huharibika nini? Mara nyingi ni kitu kidogo cha kuchekesha. Ndani ya mashine mna kapasita, kopo la bati linaloenea kiganjani, ambalo kazi yake ni kuipa mota ya kompresa na ya feni nguvu za kuanza na kuendelea kuzunguka. Joto ni adui wa kapasita; basi hufa mwezi ule ule ambao kila nyumba yaihitaji. Bei yake dukani ni makumi machache ya dola. Hati ya malipo ya fundi, hata hivyo, huweza kufika dola mia mbili au tatu, na zaidi akiitwa usiku au Jumapili. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Arizona kilikuwa dola 14.70 kwa saa. Dola 300 ni zaidi ya saa 20 za kazi, kabla kodi haijakatwa, kwa ajili ya kopo moja la bati.

Je, fundi ni mnyang'anyi? Sisi hatusemi hivyo. Katika Phoenix mashine nyingi zimewekwa juu ya mapaa, na mtu apandaye huko saa nane mchana mwezi wa Julai, mwenye bisibisi isiyoshikika kwa moto, ni mfanya kazi kama wafanya kazi wengine na anastahili ujira wake. Tena sheria ya Marekani tangu mwaka 1994 yamtaka awe na cheti ndipo aruhusiwe kugusa gesi ya mashine hizo. Lakini kati ya ujira wa fundi na hati apewayo mwenye nyumba kuna nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo hukaa kampuni ijuayo kwamba mama mwenye mtoto mchanga, katika nyumba yenye nyuzi 38, hatauliza bei mahali pengine.

Juu ya gesi twataka kusema zaidi, maana hapa watu hudanganywa hata kwetu. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli katika gari. Huzunguka ndani ya mabomba, ikichukua joto la chumbani na kulitupa nje, miaka na miaka. Ikipungua, pana tundu. Fundi ajazaye gesi kila mwaka asitafute tundu hilo anauza bidhaa moja kila mwaka kwa mtu yule yule. Mashine za zamani zatumia gesi iitwayo R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Kwa kutimiza Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, Marekani ilikataza kuitengeneza na kuiingiza nchini tangu tarehe 1 Januari 2020. Mkataba ule ulikuwa jambo jema, nasi hatuulaumu hata kidogo. Ila iliyobaki ya gesi hiyo imekuwa ghali, na wanaoinunua ni wenye mashine kuukuu, yaani wale wasioweza kununua mpya. Mashine mpya pamoja na kazi ya kuifunga mara nyingi hupita dola 10,000. Kwa mtu wa kima cha chini hiyo ni mishahara ya majuma 17 bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo hukopa, na riba humfuata hata majira ya baridi.

Mpangaji ana shida ya namna nyingine, kwa kuwa mashine si yake. Halmashauri ya Phoenix imeagiza kwamba nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi ipozwe isipite nyuzi 28. Sheria ya jimbo nayo yamruhusu mpangaji, akiisha kumwandikia mwenye nyumba na kungoja siku 10, au pungufu yake ikiwa ni dharura, kumwita fundi mwenye leseni na kukata gharama katika kodi; lakini isizidi dola 300 au nusu ya kodi ya mwezi, iliyo kubwa kati ya hizo. Kapasita itatengenezwa kwa kiasi hicho. Kompresa haitatengenezwa. Miongoni mwa wakazi wa mji huo wamo wakimbizi kutoka Kongo wasemao Kiswahili kama sisi. Twajiuliza ni wangapi wao waijuao haki hiyo, wala si rahisi kuandika barua ya kisheria kwa lugha ya ugenini huku watoto wanalia kwa joto.

Hata wenye nyumba za trela, waliojinunulia kuta lakini wakapanga kiwanja, walikuwa wakizuiwa na baadhi ya wenye viwanja wasiweke vyombo vya kupoza madirishani, eti vyaharibu sura ya mahali. Ilibidi ipitishwe sheria mwaka 2024 kukomesha jambo hilo.

Mwaka 2018 mama mmoja wa miaka 72 alifariki karibu na Phoenix baada ya kukatiwa umeme kwa deni la dola 51. Kelele zilipigwa, na tangu mwaka 2019 makampuni ya umeme yaliyo chini ya tume ya jimbo hayaruhusiwi kukata umeme wa nyumba kwa deni kati ya 1 Juni na 15 Oktoba. Kwa hiyo wakubwa wa Arizona walikwisha kukubali kwamba baridi ya nyumbani ni uhai. Kama ndivyo, twashindwa kuona kwa nini umeme ulindwe na mashine iachwe ife. Nyumba ya jangwani isiyo na mashine nzima ni sawa na nyumba isiyo na paa, na mwenye kupangisha nyumba isiyo na paa hapewi siku kumi.

Msaada wa serikali kuu ya Marekani kwa gharama za nishati za maskini, ulioanzishwa mwaka 1981, hugawanywa kwa kanuni iliyojengwa zaidi juu ya mahitaji ya kuota moto, basi majimbo ya theluji hupata fungu nono na jangwa hupata makombo. Wilaya ya Maricopa imetengeneza na kubadilisha viyoyozi vya watu wa kipato kidogo kwa fedha zilizotolewa wakati wa maradhi ya Uviko. Fedha hizo kwa sheria hazina budi kutumika zote kabla ya kwisha mwaka 2026.