Chupa ya shampuu yaokoa watoto wenye nimonia

Je, umewahi kumwona mtoto akihangaika kuvuta pumzi, kifua kikibonyea ndani na pua zikipanuka? Usidhani ni mafua tu. Huenda ni nimonia, ugonjwa wa mapafu unaoua watoto wengi duniani kuliko maambukizi mengine yoyote.

Daktari mmoja wa Bangladesh, Mohammod Jobayer Chisti, aliujua ukatili wa ugonjwa huu mapema. Mwaka wa 1996, usiku wake wa kwanza kazini katika hospitali moja mjini Sylhet, watoto 3 walifariki mbele ya macho yake. Aliapa kutafuta njia ya kuwaokoa wengine.

Tatizo lilikuwa pesa. Mashine za kuwasaidia wagonjwa mahututi kupumua hugharimu maelfu ya dola na huhitaji mafundi. Akiwa Melbourne, Australia, aliona kifaa kinachotumia viputo vya maji. Aliporudi Dhaka alitengeneza chake kwa chupa ya shampuu.

Kinafanyaje kazi? Mtoto hupewa oksijeni kwa mipira midogo puani. Pumzi anayotoa hupitia mpira mwingine uliotumbukizwa katika chupa ya maji. Maji huizuia kidogo, na shinikizo hilo dogo huviweka wazi vifuko vya hewa vilivyo mapafuni visijifunge.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Kati ya watoto 79 waliotumia chupa, walikufa 3. Kati ya 67 waliopewa oksijeni kwa njia ya kawaida, walikufa 10.

Lakini tahadhari, msomaji. Katika hospitali moja ya wilaya nchini Malawi, ambako madaktari hawakuwa karibu kila siku, utafiti uliotolewa mwaka wa 2019 ulionyesha kinyume: asilimia 17 ya waliotumia kifaa cha viputo walifariki, wenzao wa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Chupa bila daktari na wauguzi wa kutosha si dawa. Usijaribu kamwe kuitengeneza nyumbani.

Wewe mzazi ufanye nini? Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Mpeleke hospitalini zikifika:

• 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
• 50 au zaidi, kwa wa miezi 2 hadi 11;
• 40 au zaidi, kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Akikataa kunyonya, akipata degedege, akilegea, au kifua kikibonyea, usingoje kuche.

Hakikisha pia amepata chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka wa 2011. Hudungwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Toa kadi ya kliniki uitazame leo: ikiwa kuna sindano iliyopitwa, mrudishe mtoto kliniki.