Kifafa: Kompyuta Huuliza, Jamaa Hujibu

Msomaji, tuseme wewe ni mkazi wa Nairobi lakini kwenu ni Marani, Kaunti ya Kisii. Unapigiwa simu kwamba mtoto wa ndugu yako ameanguka shuleni, akatetemeka mwili mzima na kutokwa na povu. Je, utashauri apelekwe wapi?

Abagusii hawakuanza leo kutibu maradhi ya kichwa. Kwa vizazi vingi, mganga aitwaye omobari alipasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa daima baada ya kugongwa. Lakini kifafa ni jambo jingine. Ni hitilafu ya ghafla ya umeme ndani ya ubongo. Hakiambukizi, wala si pepo wala laana.

Tatizo ni kwamba madaktari wa ubongo ni haba mashambani. Ndiyo maana watafiti walichukua habari za maelfu ya watu wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana na Afrika Kusini, wakaifunza kompyuta kutambua dalili za kifafa cha kutetemeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: maswali 8 tu ya ndiyo au la, yaliyotiwa katika programu ya simu ya bure kwa wahudumu wa afya. Hiyo ndiyo akili bandia.

Hata hivyo, kompyuta haikumwona mtoto akianguka. Waliomwona ni nyanya yake, mwalimu au wewe. Je, alipoteza fahamu? Aliuma ulimi? Alijikojolea? Jamaa wakificha kwa kuona haya, mashine nayo itapotoka. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mtu akianguka, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni na utazame saa. Usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Mtetemeko ukizidi dakika 5, mkimbize hospitalini. Mwenye simu anaweza kupiga video ya kumwonyesha daktari.

Shirika la Afya Duniani lasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yafaayo. Basi mtoto na apelekwe hospitalini, ameze dawa kila siku, wala asiziache bila idhini ya daktari, hata akijiona amepona.