«Run» si kukimbia tu: neno dogo lenye kubadilisha ushuhuda wa mtu

Leo niseme juu ya neno moja la Kiingereza ambalo wote tunafikiri tunalijua: «run». Toka sekondari tuliambiwa: «run» ni «courir», ni kukimbia, basi. Ni kweli, lakini ni kipande kidogo tu cha ukweli.

Kamusi kubwa ya Oxford ilipotoka upya mu 1989, neno lenye maana nyingi kupita yote lilikuwa «set», na maana 430. Kisha watunzi wakaanza kurudilia maneno yote, na «run» ikalipita: maana 645, kwa kitenzi peke yake! Mtunzi mmoja, Peter Gilliver, alifanya miezi kama tisa juu ya neno hilo tu.

Sasa, hiyo inatuhusu nini sisi? Huku Kivu, kukimbia si mchezo wa uwanja. Ukisema «watu wamekimbia», kila mtu anaelewa vita. Na wengi wetu, kazi ya kwanza tunayopata kisha diploma ni kuhoji wahamiaji na kutafsiri maneno yao mu ripoti za mashirika. Angalieni sentensi hizi mbili:

«They ran from the camp.» Walikimbia kambi.
«They ran the camp.» Wao njo walikuwa wanaongoza kambi.

Tofauti ni kineno kimoja, «from». Lakini kati ya mtu aliyetoroka kambi na mtu aliyeiongoza, kuna umbali mkubwa sana. Mkalimani akichanganya hapo, mwenye kuteswa anaweza kuonekana mkubwa wa wale waliomtesa. Ni vilevile ku CV: «She ran a health centre» si mama aliyekimbia kazi, ni mama aliyeongoza kituo cha afya.

Maana hizo zote zinatoka wapi? Mimi naielewa hivi: nyuma ya «run» kuna picha ya kitu kinachoendelea bila kusimama. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu unaenda ziwa Tanganyika. Mwingereza anasema «it runs», hata kama mto hauna miguu. Maji ya robine ni «running water». Kisha mashini na treni zikazidi Uingereza mu karne ya 19, na zenyewe zika-«run». Mfaransa anasema mashini «marche», na sisi tukafuata: mashini inatembea. Ni mashini ileile, lakini kwa mmoja inakimbia, kwa mwengine inatembea! Leo hata programu ya kompyuta ina-«run». Na kama unaweza kuendesha mashini, unaweza pia kuendesha duka, masomo ao inchi. Hapo «run» inakuwa kuongoza.

Kwa hiyo, usiulize «run» ni nini. Uliza iko pamoja na nani:

– «Run a project»: kuongoza mradi. «Run a test»: kufanya majaribio.
– «Run out of fuel»: kuishiwa mafuta.
– «Run for president»: kugombea urais. Lakini «run for six months», kwa mkataba, ni kudumu miezi sita.
– «Run into a friend»: kukutana na rafiki bila kutazamia. «Run into a wall»: kugonga ukuta.
– «The car ran over a dog»: gari imekanyaga imbwa. «The meeting ran over»: mkutano umepita saa yake.

Msiogope, juu sisi pia tuko na maneno ya namna hiyo. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga pasi, tunapiga magoti. Nani kati yetu alipewa liste ya maana za «piga» aishike kwa kichwa? Hakuna. Tulisikia neno pamoja na jirani yake, na jirani njo alitufundisha. Mgeni anayejua tu kama kupiga ni «frapper» atashangaa tulifanya simu vita gani.

Basi mu daftari lako usiandike «run = kukimbia». Andika kifungu kizima, na uweke Kiswahili ya kifungu kizima. Ukikutana na «run», angalia vitu tatu: nani anafanya, kitu gani kinafuata, na kama kuna kineno kidogo sawa «out», «for», «into» ao «from». Saa nyingi maana itatoka yenyewe.

Jaribu na hii: «The project runs until June, but we are running out of money.» Mradi unaendelea mpaka mwezi wa sita, lakini makuta inatuishia. Mwenye kuelewa sentensi hiyo mbele ya kutia sahihi ku mkataba, anajua tayari atauliza nini.