Kuni, Mkaa au Gesi: Kuchagua Jiko la Kuchomea Nyama Uani

Jiko la kuchomea nyama hununuliwa mara moja, lakini nishati yake hununuliwa kila linapowashwa. Kwa sababu hiyo, kaya ya Handeni au Korogwe inayokusudia kuweka jiko uani yafaa iamue kwanza aina ya nishati, ndipo itafute fundi au duka. Maswali ya kujiuliza ni matatu: walaji ni wangapi, jiko litawashwa mara ngapi kwa mwezi, na litakaa mahali gani.

Kuni

Kuni humfaa mwenye uwanja mpana na wageni wengi, kama vile siku ya harusi. Huwashwa mapema, na nyama huwekwa wavuni ndimi za moto zikiisha na kubaki makaa. Kuni ziwe kavu. Mbichi hujaza moshi kwa jirani na kuiachia nyama uchungu. Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya mchwa zisitumike kabisa, wala mnyaa, ambao utomvu wake hudhuru macho.

Mkaa

Mkaa hutoa joto kali lisilo na moshi mwingi, na nyama hupata ile ladha iliyozoeleka. Jiko lake liwe la bati nene, lenye matundu ya hewa chini na nafasi ya kuondolea majivu. Nyama iwekwe makaa yakishafunikwa na majivu meupe.

Hata hivyo, bei ya gunia si gharama yote. Katika tanuri la kawaida la udongo, kilo 100 za kuni hutoa kilo zipatazo 10 hadi 20 tu za mkaa. Handeni ni miongoni mwa wilaya zinazopeleka mkaa Dar es Salaam, na miti inayokatwa ni ya misitu ileile inayohifadhi vyanzo vya maji vya wakazi wake. Anayetumia mkaa anunue ule uliovunwa kwa kibali, au mkaa mbadala unaotengenezwa kwa vumbi la mkaa na mabaki ya mazao. Huu huchelewa kushika moto, lakini huwaka taratibu na kwa muda mrefu.

Gesi

Gesi huifaa kaya inayochoma nyama mara kwa mara kwa watu wachache. Huwaka papo hapo, hupunguzwa na kuzimwa mara chakula kinapoiva. Ugumu wake ni gharama ya kuanzia: mtungi, kichomeo na mpira. Mnunuzi aombe mtungi upimwe kwenye mizani; uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, na tofauti ndiyo gesi anayoilipia. Viungio vipakwe maji ya sabuni, na mapovu yakitokea, gesi inavuja. Kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, mtungi usiwekwe shimoni wala karibu na moto.

Matumizi ya gesi yanaendana pia na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034.

Usalama wa kaya

Hatari kubwa ya jiko la mkaa huja baada ya mlo, mvua inaponyesha au baridi inapoingia, na jiko likahamishiwa ndani. Makaa yasiyotoa moshi bado hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu waliolala. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mwenye dalili hizo atolewe nje mara moja na kupelekwa kituo cha afya.

Petroli isitumike kuwashia moto. Majivu yamwagiwe maji kabla ya kutupwa, hasa wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka. Moto ukishindikana, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kwa ufupi, kuni zifae shughuli kubwa, mkaa halali au mbadala siku za wageni, na gesi matumizi ya kila wiki. Nishati yoyote itakayochaguliwa, mahali pa jiko la kuchomea nyama ni nje, penye hewa, mbali na paa la makuti na watoto.