Je, Wajua? Tairi Kipara Hushika Lami Zaidi

Barabarani tairi kipara ni hatari, lakini kwenye njia kavu ya mashindano ya pikipiki ndilo linalotakiwa. Kukosa kashata huongeza eneo la mpira linalogusa lami, eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Mpira huo hunata ukipata moto, hivyo matairi huvalishwa blanketi za umeme zenye joto la nyuzi 80 hivi. Mvua ikinyesha, hufungwa matairi yenye mifereji ya kutoa maji. Dereva stadi hukamata breki na kulaza pikipiki taratibu, tairi lisielemewe ghafla. Mmoja wa madereva stadi hao ni Kork Ballington, aliyeshindana kwenye uwanja wa Roy Hesketh, Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na kutwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 250 na 350 mwaka 1978 na 1979.